Kutua Ulaya kwa mara ya kwanza: dirisha la pasipoti, forodha, na yanayowakwamisha watu wetu

Mwanapwani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naishi Uholanzi, na kwa miaka sasa watu wamezoea kunipa kazi ya kwenda kuwapokea wageni wao Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam: mama wa rafiki, mdogo wake jirani, mwanafunzi aliyepewa namba yangu na shemeji yake. Wengi hutoka mlangoni wanatabasamu. Wachache huchelewa mpaka sisi tulio nje tunaanza kupigiana simu. Nikiwauliza baadaye kulikuwa na nini, karibu kila mara shida si viza, kwa sababu viza walikuwa nayo. Mtu amejiandaa miezi kwa ajili ya ubalozi, lakini kwa ajili ya afisa wa dirishani hakujiandaa hata saa moja. Ndiyo maana nimefungua uzi huu, na naomba wenye uzoefu wa viwanja vingine mchangie.

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao) haikupi haki ya kuingia Ulaya. Inakupa nafasi ya kufika mpakani na kuomba kuingia. Kanuni zao za viza zimesema hivyo waziwazi. Afisa wa mpakani ana mamlaka ya kukuuliza upya yote uliyoulizwa ubalozini, na sheria yao ya mipaka (Kanuni namba 399 ya 2016) imemtajia mambo ya kutazama. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku unayokusudia kuondoka. Viza iwe sahihi. Uweze kueleza unakwenda kufanya nini na utaishi wapi. Uwe na pesa za kujikimu na za kurudia. Jina lako lisiwe kwenye SIS, daftari lao la pamoja la watu waliozuiwa.

Sasa fikiria mtu amesimama mbele ya kioo, anaulizwa barua ya mwaliko iko wapi, naye anajibu iko kwenye begi kubwa. Begi kubwa bado lipo chini, atalikuta kwenye mkanda BAADA ya kupita dirisha hilo hilo. Hili nimelisikia mara nyingi mno. Ndugu zangu, lile bahasha ulilopeleka ubalozini, toa nakala yake nzima uiweke kwenye begi la mkononi: tiketi ya kurudi, hoteli au barua ya mwenyeji, bima ya safari (ile ya kuanzia euro 30,000), barua ya kazi, taarifa ya benki. Weka kwenye karatasi. Simu huzima, na intaneti ya uwanja hugoma pale pale unapoihitaji.

La pili ni kujua utakaguliwa wapi. Pasipoti hukaguliwa katika nchi ya kwanza ya Schengen unayotua, hata kama siyo unakokwenda. Ukipanda KLM Dar au Kilimanjaro ukaunganisha Schiphol kwenda Stockholm, dirisha lako ni Schiphol. Ndege ya pili inahesabiwa ya ndani, kama Dar kwenda Mwanza, na kwa kawaida ukishuka Stockholm huulizwi pasipoti. Ukipitia Doha, Istanbul au Addis Ababa, utakaguliwa pale utakapogusa Ulaya yenyewe. Hivyo usikubali tiketi ya kuunganisha yenye dakika chache. Asubuhi ndege za masafa marefu hutua kwa mfululizo na foleni inakuwa ndefu kweli. Mimi chini ya saa mbili namshauri mtu akatae.

Schengen kwa sasa ni nchi 29. Uswisi na Norwei zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja lakini hazimo Schengen. Uingereza ina mambo yake kabisa na viza yake.

Ukifika kuna foleni mbili, moja ya raia wa Ulaya na nyingine imeandikwa pasipoti zote. Nenda hiyo ya pili. (Ukiwa mke au mume wa raia wa Umoja wa Ulaya na mnasafiri pamoja kwenda nchi isiyo ya kwake, sheria inakuruhusu kufuatana naye foleni ya kwanza. Wengi hawalijui hili.) Schiphol anayekukagua ni Marechaussee, askari wenye hadhi ya kijeshi. Frankfurt ni Bundespolizei, na wao mara nyingine husimama hadi mlangoni mwa ndege, wakakagua pasipoti kabla hata hujafika ukumbini. Paris ni polisi wa mpakani wa Ufaransa. Maswali ni yale yale: unakwenda wapi, kwa nani, siku ngapi, unafanya kazi gani nyumbani, una pesa kiasi gani. Jibu swali uliloulizwa, basi. Ukiulizwa siku ngapi, sema siku 14. Usianze kueleza kwamba ukipata nafasi utaongeza, au kuna mjomba kasema atakutafutia kitu cha kufanya. Sentensi kama hiyo imewarudisha watu. Na usidanganye, kwa sababu majibu yako ya ubalozini yamo kwenye mfumo wa viza anaoutazama.

Jambo jipya ni mfumo wa EES. Ulianza 12 Oktoba 2025 na ukasambazwa kwa awamu, ratiba ikiwa ukamilike 10 Aprili 2026. Unachukua nafasi ya mhuri. Badala ya kugongewa pasipoti, unapigwa picha ya uso, na tarehe ya kuingia na kutoka inaandikwa kwenye kompyuta. Wasiohitaji viza wanachukuliwa na alama za vidole vinne. Sisi wenye viza vidole vyetu tayari walivichukua wakati wa maombi, kwa hiyo dirishani unawekeshwa kidole kulinganisha tu. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole. Kumbukumbu inakaa miaka 3, na kama hakuna rekodi kwamba ulitoka, inakaa miaka 5. Mwenye kibali cha ukaazi hahusiki na EES.

Hapo ndipo hesabu ya siku inapouma. Kwenye stika ya viza kuna tarehe mbili, ya kuanzia na ya mwisho, na kando yake kuna namba ya siku. Watu husoma tarehe ya mwisho wakadhani wanaruhusiwa kukaa mpaka siku hiyo. Sivyo! Ubalozi huongeza siku 15 za akiba kwenye tarehe, ili ndege ikiahirishwa usipate shida. Siku zako ni ile NAMBA. Kama imeandikwa 20, ni 20, na siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa. Zamani afisa alipekua mihuri kwa jicho, akiwa na haraka anaweza kupitiwa. Kompyuta haipitiwi.

Forodha naiweka kwenye bandiko linalofuata, maana nayo ina mambo.

Mwanapwani

Naendelea. Ukishachukua mzigo kwenye mkanda, kuna milango miwili: kijani, huna cha kutangaza, nyekundu, unacho. Kupita kijani ni sawa na kusema kwa mdomo wako kwamba huna. Wakikusimamisha wakakuta unacho, huwezi tena kusema ulikuwa unakuja kutangaza.

Kumbuka mizigo ina utaratibu wake tofauti na pasipoti. Ukiunganisha ndani ya Umoja wa Ulaya, begi la mkononi linakaguliwa uwanja wa kwanza na begi kubwa linakaguliwa uwanja wa mwisho. Na usidhani ukijichanganya na abiria waliotoka Paris hawatakujua. Mizigo iliyoanzia safari ndani ya Umoja ina lebo yenye kingo za kijani, na yako haina.

Zawadi na bidhaa nyingine ni hadi euro 430 kwa mtu mzima anayekuja kwa ndege, mbali na vitu vyako vya kutumia. Sigara 200. Pombe kali lita 1, na juu yake mvinyo wa kawaida lita 4, na ni kwa wenye miaka 17 na zaidi. Hayo ni ya mtu binafsi. Ukileta vitenge vya kuuza, hata kama ni vya bei ndogo, hiyo ni biashara na mlango wako ni mwekundu.

Ila kinachowapata sana watu wetu ni chakula. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja ni marufuku, hata kidogo, hata cha kula njiani. Humo mna sambusa za nyama, kuku wa kukaanga, nyama iliyokaushwa, samli, jibini, mtindi. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo 2, kopo likiwa halijafunguliwa na halihitaji friji. Samaki wana nafuu: dagaa wakavu na samaki wa kukaushwa unaweza kubeba hadi kilo 20. Asali hadi kilo 2.

Matunda na mboga mbichi, tangu Desemba 2019, vinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka. Matunda matano tu ndiyo yamesamehewa: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Soma tena orodha hiyo, embe halimo. Wala machungwa, wala pilipili mbichi, wala kisamvu kibichi, wala mbegu za kupanda. Wenyewe wanaogopa inzi wa matunda. Unga, chai ya pakiti, kahawa iliyokaangwa na viungo vikavu kama karafuu na iliki vya matumizi ya nyumbani havina kesi hiyo.

Nyota ya Thika

Asante sana kaka kwa darasa. Mimi niko Kenya na mwezi ujao ninaenda kumtembelea dada yangu. Maswali mawili. Amenituma unga, majani chai na vinyago vya kumpa mkwe wake. Vinyago ni vya mti mweusi, nimesikia vinakamatwa? Halafu kuna jamaa wa mtaa ananisihi nimbebee furushi la miraa kwa rafiki yake huko, anasema huko ni halali kwa sababu zamani zilikuwa zinaenda kwa ndege kila siku.

Mwanapwani

Dada karibu. Unga na majani beba kwenye pakiti zake za dukani, usihamishie kwenye mifuko isiyo na maandishi.

Miraa usiguse. Huyo jamaa anakumbuka enzi zilizokwisha. Ni kweli ilikuwa inatua Schiphol na Heathrow wazi wazi, lakini Uholanzi waliipiga marufuku Januari 2013 na Uingereza Juni 2014. Leo inahesabiwa dawa za kulevya, na furushi likikutwa kwenye begi lenye jina lako, mwenye kesi ni wewe. Hata lingekuwa la sukari, usibebe kitu cha mtu hukukifunga mwenyewe.

Mpingo, huo mti mweusi wako, uko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) tangu 2017, lakini bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 zimeachwa nje ya masharti, hivyo vinyago viwili vitatu vya zawadi havina shida. Kinachokamatwa ni pembe, magamba ya kasa, matumbawe, ngozi za wanyama pori, na baadhi ya makombe ya baharini yanayouzwa ufukweni kana kwamba ni kitu cha kawaida.

Mtu wa Kivu

Jambo ndugu zangu. Miye niko Goma, kijana wangu anaenda kusoma Canada, atapitia Bruxelles. Wakala ametuambia kama hatoki uwanjani hahitaji viza. Ni kweli?

Mwanapwani

Jambo mzee wangu. Inategemea pasipoti. Kongo (DRC) imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupitia uwanjani Schengen, hata kama hatoki eneo la kimataifa. Somalia na Ethiopia nazo zimo. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo kwenye orodha hiyo ya pamoja, ingawa nchi moja moja zinaweza kuongeza za kwao. Habari njema kwako: mwenye viza hai ya Canada, Marekani au Japani amesamehewa. Kijana akiwa na viza ya Canada ndani ya pasipoti atapita. Lakini asiunganishe miji miwili ya Schengen, mfano Bruxelles halafu Frankfurt. Hapo atakuwa ameingia Schengen, na msamaha huo haufiki huko. Na tiketi zote ziwe za booking moja, mzigo uende moja kwa moja. Akilazimika kutoka kuchukua begi alipeleke tena, atakwama.

Mama Shamsa

Mwanangu nimesoma yote. Mimi nakwenda Ujerumani kwa binti yangu, kajifungua. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikiulizwa nitajibuje? Usingizi sipati.

Mwanapwani

Shikamoo mama, na hongera kwa mjukuu. Usihangaike, kina mama wa namna yako wanapita kila siku.

Mwambie binti akuandikie karatasi moja kwa Kijerumani: jina lako, jina lake, anwani, namba yake ya simu, unakuja kumsaidia mtoto, utakaa tangu lini hadi lini, na tarehe ya ndege ya kurudi. Aiambatanishe na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto na nakala ya kibali chake. Kama alikusainia ile dhamana ya serikali yao, inayoitwa Verpflichtungserklärung, beba ya asili, hiyo ndiyo inayojibu swali la pesa. Ukifika dirishani mpe afisa pasipoti na karatasi hiyo pamoja, kabla hajauliza. Mimi mwenyewe nilimwandikia mama mmoja wa Tanga karatasi ya namna hiyo, na alipotoka aliniambia afisa aliisoma, akatabasamu, akamuuliza kwa ishara ya mikono kama mtoto ni mdogo hivi.

Vilevile, wakati wa kukata tiketi ombeni msaada wa kiti cha magurudumu. Haulipiwi. Mhudumu anakuchukua mlangoni mwa ndege, anakupitisha kwenye ukaguzi, anakufikisha mpaka kwa binti. Huhitaji kuwa mgonjwa sana. Kushindwa kutembea masafa marefu kunatosha.

Kama una dawa za presha au sukari ziwe kwenye maboksi yake na cheti cha daktari, kwenye begi la mkononi.

Jabali

Mnasema sana kuhusu karatasi, lakini semeni ukweli wote. Binamu yangu alikuwa na kila kitu, viza, hoteli, pesa. Wazungu waliokuwa mbele yake walipita sekunde kumi, yeye akawekwa kwenye chumba saa tatu. Mwisho akaruhusiwa bila hata pole. Hiyo ni karatasi au ni rangi?

Mwanapwani

Jabali ndugu yangu, sitakubishia. Rangi ipo. Hapa Uholanzi ilifika mahakamani. Mpanzu Bamenga, diwani wa Eindhoven mwenye asili ya Kongo, alitengwa pembeni na Marechaussee mwaka 2018 akitokea Roma, yaani ndege ya ndani ya Schengen, wakati wenzake weupe walipita. Akishirikiana na mashirika ya haki za binadamu akaishtaki serikali. Ngazi ya kwanza walishindwa. Tarehe 14 Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ya The Hague ikaamua kwamba ni marufuku kutumia rangi au asili ya mtu kumchagua wa kukaguliwa katika ukaguzi wa aina hiyo. Baadaye mwaka huo akachaguliwa mbunge. Kwa hiyo yaliyompata binamu yako hayakuanzia kwake, na wapo wanaoyapigania.

Lakini kwa anayesafiri kesho, ajue haki zake ndani ya chumba kile. Ukipelekwa ukaguzi wa pili lazima upewe maelezo kwa maandishi, katika lugha unayoweza kuielewa, kwamba ukaguzi huo ni wa nini. Omba mkalimani wa Kiswahili, usijilazimishe. Usisaini usichokielewa. Wakikukatalia kuingia, kuna fomu maalum yenye sababu zilizowekwa herufi. E ni kukosa karatasi za kuthibitisha safari, G ni pesa kutotosha, F ni kumaliza siku zako 90 zinazoruhusiwa ndani ya kila siku 180. Uliza ni herufi gani. Fomu lazima upewe, na una haki ya kukata rufaa, ingawa rufaa haizuii kurudishwa. Shirika lililokuleta ndilo linalopaswa kukurudisha.

Kuhusu pesa, kila nchi ina kiwango chake. Ufaransa ni euro 65 kwa siku ukiwa na hoteli iliyothibitishwa, na 120 kama huna. Anayelala kwa ndugu anahitaji attestation d'accueil, hati ambayo mwenyeji huichukua ofisi ya meya. Barua ya kawaida aliyoiandika mwenyewe haitoshi.

Mchimbaji wa Geita

Mkuu, mimi ni mfanyabiashara. Nikibeba dola taslimu, kikomo ni kipi? Na dhahabu kidogo?

Mwanapwani

Hakuna kikomo cha kubeba, kuna wajibu wa kutangaza. Ukiwa na euro 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa dola au shilingi, unajaza fomu ya forodha. Kutangaza ni bure na hakukatwi kitu, ila uwe na ushahidi pesa imetoka wapi. Usipotangaza wanaweza kuishikilia na kukupiga faini. Na usijaribu kugawanya pesa yako kwa wenzako ili kila mmoja awe chini ya kiwango. Wanaijua hiyo.

Tangu Juni 2021 sarafu za dhahabu (zenye asilimia 90 ya dhahabu kwenda juu) na vipande vyenye usafi wa asilimia 99.5 kwenda juu vinahesabiwa kama pesa taslimu. Dhahabu ghafi ya mgodini ni bidhaa ya biashara: mlango mwekundu, na kabla ya hapo kibali cha kuisafirisha nje kutoka Tanzania. Bila hicho utakwama JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, kabla hujaiona Ulaya.

Mama Shamsa

Ahsante baba, Mungu akuzidishie. Binti kasema karatasi anaiandika leo. La mwisho: ameniomba dagaa wa Mwanza na kisamvu, na mimi nilitaka kumpelekea samli ya uzazi.

Mwanapwani

Dagaa beba mama, wakavu kabisa, uwafunge mifuko miwili ili harufu isiingie kwenye nguo za mtoto. Kisamvu kibichi acha, akitafute kwenye maduka ya Waafrika huko, kinauzwa kimegandishwa. Samli itachukuliwa forodhani na kutupwa mbele ya macho yako, iache nyumbani. Uji wa lishe je, unga wake unao? Huo unapita.